Mlango wa Nyumba ya Mgonjwa: Miaka ya Kwanza ya Wauguzi Wasafiri wa Kentucky

Majira ya joto ya mwaka 1923, mwanamke mmoja Mmarekani mwenye umri wa miaka 42 aliingia katika milima ya mashariki ya Kentucky akiwa juu ya farasi. Jina lake Mary Breckinridge. Alikuwa muuguzi mwenye diploma, lakini safari hiyo haikuwa ya kutibu. Ilikuwa ya kuuliza. Alizunguka katika wilaya tatu, Leslie, Knott na Owsley, akasafiri zaidi ya maili 600, yaani karibu kilomita 1000, akibadilisha farasi na nyumbu njiani kila mnyama alipochoka. Katika kila bonde alitafuta jibu la swali moja: hapa ni nani anayewazalisha wanawake?

Aliwafikia wakunga 53. Wengi wao walikuwa wanawake wazee, waliojifunza kazi hiyo kwa mama zao au kwa jirani, na wengine hawakujua kusoma. Aliketi nao nyumbani mwao, akawauliza juu ya maisha yao na juu ya kazi yao, akaandika. Madaktari aliowakuta milimani walikuwa wachache mno, na katika wilaya ya Leslie, yenye watu karibu 10 000, hakukuwa na hata mmoja mwenye kibali cha serikali. Basi wazee hao ndio waliokuwa hospitali ya nchi ile. Mwanamke aliyepatwa na kifafa cha uzazi, au aliyetokwa na damu bila kukoma baada ya mtoto kuzaliwa, hakuwa na kimbilio lingine.

Vijana wapendwa, historia hii ni ya mbali, lakini inatugusa karibu. Kila mwaka wasichana na wavulana wa parokia zetu wanamaliza masomo ya uuguzi katika ITM na ISTM. Baadhi yao wanatumwa kwenye kituo cha afya kilicho mbali na kwao, pengine katika kijiji ambacho lugha yake hawaifahamu vizuri. Kwetu watu humwita muuguzi «muganga», na jina hilo humpa heshima tangu siku ya kwanza. Hata hivyo heshima ya jina haitoshi kumfungulia mlango usiku, mama anapolia kwa uchungu na jamaa zake hawamjui huyu anayebisha hodi. Mgeni anapataje ruhusa ya kuingia katika nyumba ya watu saa ya hatari yao? Ndilo swali nitakalolifuata hapa, kwa sababu naona kwamba kazi yote ya wauguzi wa Kentucky, mafanikio yake pamoja na doa lake, imejengwa juu yake.

Mtu asidhani kwamba Breckinridge alikuwa mtoto wa milima ile. Alizaliwa Memphis mwaka 1881 katika ukoo wa wakubwa. Babu yake, John C. Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani tangu 1857 hadi 1861. Baba yake alikuwa mbunge, kisha mwakilishi wa Marekani nchini Urusi, na binti akasomeshwa Uswisi na Marekani pamoja na watoto wa matajiri. Kama mambo yangekwenda kwa desturi ya ukoo wake, angemaliza maisha yake sebuleni akipokea wageni. Kifo ndicho kilichomtoa. Mume wake wa kwanza alikufa mwaka 1906 kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Mjane huyo kijana alikwenda New York kusomea uuguzi katika Hospitali ya St. Luke's, akamaliza mwaka 1910. Aliolewa tena. Mwaka 1916 alijifungua binti kabla ya wakati, na mtoto akafa siku ile ile. Januari 1918 mtoto wake wa kiume, Breckie, alikufa akiwa ametimiza tu miaka minne. Ndoa yenyewe nayo ikavunjika.

Waandishi wengi hupenda kukaa hapo na kusema kwamba aliwapenda watoto wa wengine kwa kuwa aliwapoteza wake. Huenda ni kweli. Lakini wapo wazazi wengi waliofiwa na watoto ambao hawakuanzisha lolote, na hakuna anayeweza kuwalaumu. Msiba ulimpa sababu. Ufundi alikuwa bado hajaupata, na ilimchukua miaka saba kuutafuta.

Kwanza alikwenda Ufaransa, tangu 1919 hadi 1921, akafanya kazi katika wilaya ya Aisne ambayo vita vilikuwa vimeigeuza kuwa kifusi. Watu walikuwa wakirudi katika vijiji visivyo na paa wala ng'ombe. Aliwaandikia rafiki zake Marekani wamsaidie kupata mbuzi, ili watoto wapate maziwa. Alipanga wauguzi waende nyumba kwa nyumba badala ya kungoja wagonjwa waje. Huko ndiko alikokutana na wauguzi wa Uingereza waliokuwa pia wakunga, akatambua upungufu wa nchi mbili kwa mara moja: Ufaransa ilikuwa na wakunga wasio wauguzi, na Marekani ilikuwa na wauguzi wasio wakunga. Mtu mmoja mwenye fani zote mbili angeweza kumhudumia mama, mtoto mchanga, na babu mwenye homa ya mapafu aliyelala chumba cha pili.

Baada ya safari ile ya 1923 alijua tatizo, naye hakurudi milimani mara moja. Alivuka bahari mpaka London, akawa mwanafunzi tena katika hospitali ya akina mama na watoto wachanga ya Woolwich, kwa sababu Marekani haikuwa na shule ya kumfanya muuguzi awe pia mkunga kwa kiwango alichokitaka. Alipata cheti chake cha ukunga, kisha mwaka 1924 akaenda Uskoti. Tangu 1913 nchi hiyo ilikuwa na mpango wa serikali wa kupeleka madaktari na wauguzi katika milima na visiwa vya kaskazini, mahali ambapo watu ni wachache, maskini, na wametawanyika. Breckinridge alizunguka visiwani akitazama jinsi muuguzi mmoja anavyopewa eneo lake, nani anamsimamia, nani anamlipa, na anafanya nini daktari akiwa upande wa pili wa maji. Mpango alioupeleka Kentucky ulitoka huko kwa sehemu kubwa, na mwenyewe hakuficha.

Tarehe 28 Mei 1925, katika mji wa Frankfort, iliundwa kamati ya akina mama na watoto wa Kentucky. Mwaka 1928 ilibadilishwa jina ikawa Frontier Nursing Service, yaani huduma ya wauguzi wa mpakani, kule barabara zinakokoma. Kazi ilianzia wilaya ya Leslie. Haikuwa na barabara ya magari wala reli. Njia ilikuwa kingo za mito, na mara nyingi mto wenyewe ndio uliokuwa njia: maji yakipungua, farasi hupita juu ya mawe, yakijaa, hakuna apitaye. Anayetoka Walungu au Masisi wakati wa masika hana haja ya kuelezwa zaidi.

Sasa tuutazame mlango.

Kabla ya kituo kujengwa katika bonde fulani, watu wa bonde lile waliitwa kwenye mkutano. Iliundwa kamati ya wenyeji, wakajadili kama wanamtaka muuguzi, nani atatoa kiwanja, nani atakata magogo, nani atatoa siku zake za kazi. Pesa nyingi zilitoka kwa matajiri wa miji ya mbali, lakini kituo kilikuwa kimepita kwanza katika mikono ya watu wa mahali pale. Kufikia mwaka 1930 vilikuwepo vituo sita vidogo, na eneo lote lilifikia maili za mraba 700, karibu kilomita za mraba 1800. Vilipangwa hivi kwamba muuguzi asiwe na safari ya zaidi ya maili tano au sita kumfikia mgonjwa.

Huduma haikutolewa bure, nami naona hili ni jambo la busara kuliko yote. Kila nyumba ililipa dola moja kwa mwaka kwa uuguzi wa kawaida, na dola tano kwa uzazi wote, tangu mimba mpaka mama ameamka kitandani. Asiyekuwa na fedha, na wengi hawakuwa nazo, alilipa kwa majani ya farasi, kuni, kiti alichokichonga, blanketi la viraka lililoshonwa na mkewe, au siku chache za kutengeneza uzio. Watu wale walikuwa na fahari yao, hawakutaka kuitwa ombaomba. Mtu aliyelipa mzigo wa mahindi alikuwa na haki ya kumwita muuguzi usiku wa manane, na haki ya kumlalamikia asipokuja. Sisi tulioona misaada mingi ikija kwa magari na kuondoka kwa magari tunaelewa tofauti.

Tena kulikuwa na adabu ya ndani ya nyumba. Wauguzi waliagizwa wasiingilie mambo matatu: siasa za mahali, dini za watu, na pombe iliyopikwa kwa siri vichakani. Hiyo ilikuwa miaka ambayo sheria ya Marekani ilikataza kabisa pombe, na katika milima ile koo kadhaa zilikuwa na uhasama wa zamani uliolipizwa kwa bunduki. Muuguzi aliyepita usiku njia za porini aliona mengi. Kama angesema neno moja kwa polisi, milango yote ya bonde ingefungwa, na mtu wa kwanza kuumia angekuwa mama mjamzito asiyejua lolote. Alipita, akanyamaza, na taratibu mavazi yake ya rangi ya buluu na kijivu, suruali ya kupandia farasi na buti, yakawa ulinzi wake: mtu yeyote aliyeyaona kwa mbali alimtambua.

Kuhusu vifaa, kila muuguzi alikuwa na mifuko ya aina mbili iliyotundikwa pande zote za tandiko, mmoja kwa uzazi na mwingine kwa uuguzi wa kawaida. Ndani mlikuwa na sabuni, nguo safi, mizani ya kumpimia mtoto, dawa ya matone ya kumkinga asipofuke. Palikuwa pia na kijitabu kilichotungwa na kamati ya madaktari wa mji wa Lexington, kilichoeleza muuguzi anaruhusiwa kutoa dawa gani, kwa ugonjwa gani, na wakati gani analazimika kumwita daktari hata kama daktari yuko mwendo wa siku nzima. Hivyo alijua mwisho wa mamlaka yake. Wenzetu wanaofanya kazi peke yao kijijini wanajua jinsi mpaka huo unavyosahaulika kwa urahisi, hasa sifa zinapozidi.

Kanuni moja ilipendwa na kila mtu: mume akiweza kumfikia muuguzi, muuguzi ataweza kumfikia mke. Maana yake ilikuwa kali. Theluji, giza, mto uliojaa, havikuwa udhuru kama mwanamume mwenyewe alikuwa amevivuka. Mwaka 1931 Breckinridge alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika uti wa mgongo; aliishi na mshipi wa kushikilia mgongo, na hakuacha kazi.

Siku za kawaida hazikuwa na hadithi kama hizo. Muuguzi aliwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo, dondakoo na ndui. Aliwafundisha watu kuchimba vyoo mbali na kisima, kwa sababu safura ilikuwa imewadhoofisha watoto wengi. Alimtembelea kila mjamzito mara kwa mara kabla ya siku yake, akapima, akaandika. Jioni, akiwa amechoka, alijaza madaftari, na hakuna aliyeyapenda madaftari.

Mwaka 1928 hospitali ndogo ilifunguliwa Hyden, na Sir Leslie Mackenzie, mmoja wa wakuu wa mpango ule wa Uskoti, alisafiri mpaka milimani kuizindua. Mwaka huo huo walianza kuja matarishi: wasichana wa familia tajiri waliojitolea kwa miezi michache kutunza farasi, kubeba barua na kuongoza wageni. Mmoja wao, Marvin Breckinridge, alijifunza kupiga filamu akarekodi kazi ya wauguzi. Filamu hiyo isiyo na sauti, The Forgotten Frontier, ilionyeshwa mijini na kusaidia kukusanya pesa.

Madaftari yaliyochosha ndiyo yaliyotoa ushahidi. Mwaka 1932 kampuni ya bima ya maisha Metropolitan Life, kupitia mtaalamu wake wa takwimu Louis Dublin, ilichambua uzazi 1000 wa kwanza uliohudumiwa na wauguzi hawa. Hakuna mama hata mmoja aliyekufa moja kwa moja kwa sababu ya mimba au kujifungua. Kwa Marekani nzima katika miaka ile, kwa kila watoto 1000 waliozaliwa hai walikufa akina mama zaidi ya 6. Wake za wachimba makaa na wakulima wa milimani, waliozalia katika nyumba za magogo kwa mwanga wa taa ya mafuta, walikuwa salama kuliko wanawake wa miji yenye hospitali kubwa. Bila daftari, hilo lingebaki sifa ya mdomo tu.

Lakini lazima tuseme ukweli wote. Wale wakunga 53 walioulizwa mwaka 1923 hawakupewa nafasi katika mpango mpya. Breckinridge aliwasikiliza, akawahesabu, kisha akapanga kazi ambayo haikuwahitaji. Unaweza kumtetea kwa takwimu za vifo. Hata hivyo walikuwa wameushika mlango ule kabla yake, na ni wao waliomfungulia alipokuja na daftari lake.

Na kuna jambo zito zaidi. Babu yake, baada ya kuwa Makamu wa Rais, alikuwa jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa usikome. Mjukuu alibaki na mawazo ya ukoo juu ya watu Weusi. Alipoomba fedha kwa matajiri, aliwasifu watu wa milima kuwa ni uzao safi wa Waingereza na Waskoti wa kale, kana kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuwaokoa. Wauguzi Weusi hakuwakubali katika kundi lake. Mwanamke aliyetafuta kwa hekima nyingi namna ya kufunguliwa milango ya wengine aliufunga wa kwake, na vita vya pili vilipowarudisha Waingereza kwao, akafungua shule ya ukunga mwaka 1939, mlango ukiwa bado umefungwa. Wauguzi Weusi walipata shule yao ya ukunga Tuskegee, Alabama, mwaka 1941, nayo ilidumu miaka michache tu.

Kwa hiyo siwezi kumwacha msomaji Kentucky. Mwaka ule ule wa 1923, muuguzi mwingine alianza kazi katika kijiji cha Pineville, jimbo la South Carolina. Aliitwa Maude Callen. Alikuwa mwanamke Mweusi, mzaliwa wa Florida, aliyetumwa na Kanisa lake la Kiepiskopali katika nchi ya mabwawa na njia za matope, ambako watu Weusi maskini walikuwa mbali na daktari kama wale wa Leslie. Hakuwa na kamati za matajiri wala matarishi wa kumtunzia farasi. Alianza kuwatibu watu nyumbani kwake, na kutoka hapo aliwafuata vijijini. Mwaka 1936 aliajiriwa na idara ya afya ya wilaya ya Berkeley.

Callen alifanya lile ambalo Breckinridge hakulifanya: aliwakusanya wakunga wa vijijini, akawafundisha kunawa, kuandaa vifaa, kutambua dalili za hatari, akawarudisha katika kazi yao. Mama zao na bibi zao walikuwa wamezalisha wilaya nzima, na yeye hakuona sababu ya kuwaweka kando. Hakuna kampuni ya bima iliyokuja kuchambua madaftari yake.

Karibu miaka 30 ilipita kabla nchi haijamsikia. Tarehe 3 Desemba 1951 gazeti la Life lilichapisha picha za W. Eugene Smith, aliyekuwa amemfuata Callen mchana na usiku: akiingia katika nyumba za mbao zenye mianya, akimshika mkono msichana aliye katika uchungu, akifundisha darasa la wakunga. Wasomaji walituma michango iliyopita dola 20 000. Kwa fedha hizo kliniki yenye jina lake ilijengwa Pineville, ikafunguliwa mwaka 1953. Aliihudumia mpaka alipostaafu mwaka 1971. Katika miaka ya 1980, akiwa amepita umri wa miaka 80, bado alikuwa akiwapelekea wazee wa mahali pale chakula nyumbani mwao, siku tano kwa juma.